Miradi saba, skripti saba zinazofanana kasoro kidogo

BARUA

Mshauri,

Mimi ni mtengenezaji programu hapa Mwanza, katika kampuni ndogo ya watu tisa. Tuna miradi saba inayoendelea: programu nne za simu za Android na huduma tatu za seva. Zote tumeziandika kwa Kotlin na tunaziunda kwa Gradle. Kila tukianza mradi mpya tunanakili faili za kuundia kutoka mradi uliotangulia, tunabadilisha jina, kazi inaendelea. Matokeo yake, kila Google wakipandisha masharti ya Play Store nakesha nikihariri mistari ileile kwenye miradi minne, na bado haukosekani mmoja uliosahaulika.

Kijana mmoja wa kazini alijaribu kutuokoa. Aliweka skripti moja kwenye seva yetu, kila mradi ukawa unaivuta kwa anwani ya intaneti. Wiki za kwanza tulifurahi. Kisha Ijumaa moja jioni alibadilisha mstari mmoja, na Jumamosi programu ya mteja tuliyemwahidi marekebisho ikakataa kuundika, ilhali hakuna mtu aliyekuwa ameigusa. Kaka yetu mkubwa, mwanzilishi wa kampuni, akasema basi, turudi kunakili, kila mradi ujitegemee. Kijana anasema ile ilikuwa bahati mbaya tu. Wamenisukumia mimi niamue. Nifanyeje bila kumvunjia mtu heshima?

Niliyeachiwa uamuzi, Mwanza

MAJIBU

Mdogo wangu, pole kwa Jumamosi hiyo.

Ukizisikiliza vizuri hoja za wenzako utaona kila mmoja anatetea kitu chake, na vitu hivyo havipingani. Kaka yenu anataka mradi usibadilike mpaka wenye mradi waamue. Kijana anataka marekebisho yaandikwe mahali pamoja. Njia mbili mlizokwisha kuzijaribu ndizo zenye kasoro, kwa sababu kila moja inampa mmoja haki yake na kumnyima mwingine.

Msimamo wangu ni huu. Zitoeni skripti hizo kwenye miradi, zikae kwenye hazina yake ya msimbo, zitolewe kama plagini yenye namba ya toleo, na kila mradi uandike wazi unatumia toleo gani. Pasiwe na mradi hata mmoja unaovuta chochote kinachokutwa kwenye seva siku hiyo.

Kwanza nieleze kwa nini sikubaliani na kurudi kunakili. Mradi ukiwa mmoja au miwili, kunakili hakuna ubaya. Taabu huja siku jambo la nje linapowalazimisha wote wabadilike kwa pamoja, na katika kazi yetu siku hizo nyingine zina kalenda kabisa. Google walidai kuanzia 31 Agosti 2024 programu mpya na masasisho ya Play Store yalenge Android 14, yaani API 34. Tarehe hiyohiyo mwaka 2025 ikawa Android 15, API 35. Hiyo unaijua, ndiyo inayokufanya ukeshe. Lakini kuna siku zisizopiga hodi. Februari 2021 kampuni ya JFrog ilitangaza kwamba inafunga JCenter, hazina ya maktaba iliyotajwa kwenye karibu kila skripti ya Android ya wakati ule, na ule mstari mmoja uliokuwa umenakiliwa kutoka mradi hadi mradi ukawa wa kufukuzwa faili kwa faili. Desemba ya mwaka huohuo likatangazwa tundu la usalama kwenye maktaba ya Log4j. Likatoka toleo 2.15.0, likafuata 2.16.0, likaja 2.17.0, na kabla mwaka haujaisha 2.17.1. Mwenye huduma tatu zilizonakiliwa, kama ninyi, alitakiwa kuhariri mara kumi na mbili ndani ya mwezi mmoja, huku akiomba Mungu asiwe ameruka moja.

Kaka yenu akikwambia kila mradi ujitegemee, muulize nani atakayekuwa na orodha ya miradi hiyo usiku wa tukio kama hilo.

Njia ya kijana nayo siikubali, tena naiogopa zaidi. Skripti inayovutwa kwa anwani, bila namba, ina maana kwamba mradi ulioundika jana unaweza kukataa leo bila sababu iliyoandikwa popote ndani yake. Ukifungua historia ya mradi hutaona badiliko lolote. Ndicho kilichowatokea, na wala si bahati mbaya: ndivyo mpango wenyewe unavyofanya kazi. Ongeza suala la mtandao. 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania na ya majirani ilizorota kwa siku kadhaa. Gradle huweka akiba ya vitu ilivyokwisha kuvipakua, hivyo kompyuta yako ya kila siku ingeweza kuendelea, lakini mashine mpya ya kuundia isiyo na akiba ingekwama kwenye mstari wa kwanza kama skripti ipo kwenye seva ya ng'ambo.

Kisha kuna wezi. Mwaka 2021 kampuni ya Codecov ya Marekani iligundua kwamba skripti yake ya kupakia taarifa za majaribio ilikuwa imechezewa tangu 31 Januari. Waligundua 1 Aprili. Kwa miezi miwili, wateja waliokuwa wakiivuta na kuiendesha moja kwa moja kila wanapounda programu walikuwa wakiendesha msimbo wa mtu mwingine, uliokuwa ukituma siri za mashine zao kwa wadukuzi. Skripti ya kuunda huendeshwa mahali penye funguo zenu zote: za kutia saini programu, za seva, za hifadhidata. Nani anaibadilisha, lini, na kwa idhini ya nani, ni maswali ya usalama kabla hayajawa ya urahisi.

Sasa kazi yenyewe. Usianze kwa kuandika plagini. Anza kwa kuzisoma faili saba mlizonazo, mbilimbili, kwa amri ya diff, ukiwa na daftari pembeni. Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo penye nusu ya thamani ya zoezi zima.

Mistari mingi utaikuta inafanana neno kwa neno, hiyo haina shida. Mingine itatofautiana kwa sababu ya usahaulifu tu: mradi huu uko Java 11 na ule Java 17 kwa kuwa hakuna aliyerudi kuupandisha. Hiyo nayo ni rahisi, mnakubaliana mnaisawazisha. Shughuli iko kwenye mistari inayotofautiana kwa sababu ya kweli ambayo hakuna aliyeiandika. Utakuta mradi mmoja umelazimisha maktaba fulani ibaki toleo la zamani. Utakuta mwingine unaondoa faili moja ya META-INF wakati wa kufungasha. Ukiitazama kwa haraka utasema ni uchafu, utaufuta, na mwezi mmoja baadaye utaambiwa risiti hazichapishwi kwa mteja wa Geita. Kabla ya kufuta mstari wa aina hiyo, tumia git blame ujue uliingia lini na nani aliuweka, kisha umfuate mtu huyo umuulize ana kwa ana. Akiwa ameshaondoka kazini, mpigie simu. Jibu lake liandike pale pale, juu ya mstari, kwa sentensi moja. Hata kama mtaishia kutofanya kitu kingine chochote nilichokushauri, maelezo hayo peke yake yatakuwa yamewalipa.

Ukimaliza kupanga, utajua kipi ni cha kampuni na kipi ni cha mradi. Cha kampuni ni toleo la Java, API mnayolenga, hazina za maktaba mnazoziamini, maonyo ya mkusanyaji msimbo mnayoyachukulia kama makosa, jinsi majaribio yanavyoendeshwa, na ukaguzi wa mtindo wa msimbo. Cha mradi ni kitambulisho cha programu, namba yake ya toleo, vitegemezi vyake vya pekee, na anwani za seva zake. Nywila na funguo za kutia saini hazimo kwenye fungu lolote kati ya hayo mawili. Hizo zikae kwenye mazingira ya mashine, mbali kabisa na msimbo.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hukiweka fungu lisilo lake, nacho ni minSdk, yaani Android ya zamani kabisa ambayo programu inakubali kuiendesha. Watu hukiona kiko jirani na API inayolengwa, wanavibeba pamoja. Kulenga API mpya ni sharti la duka, ni lenu nyote. Lakini minSdk inahusu mfuko wa mtumiaji. Programu ya wakulima wenye simu za miaka mingi inaweza kuhitaji kubaki 21, yaani Android 5.0, wakati ile ya mameneja wa ofisini inaanzia 26 bila kumwumiza mtu. Ukiipandisha kwa wote ndani ya plagini ya pamoja, wapo wakulima ambao hawataletewa tena sasisho lolote, na hakuna atakayekuambia. Iache kwenye mradi.

Kuandika plagini yenyewe ni kwepesi kuliko unavyodhani. Katika hazina mpya washa plagini ya kotlin-dsl, kisha weka ndani ya src/main/kotlin faili yenye jina kama kampuni.android-programu.gradle.kts. Gradle huigeuza faili hiyo kuwa plagini, na jina la faili ndilo linalokuwa kitambulisho chake. Yaliyomo ndani ni yaleyale mliyozoea kuandika kwenye build.gradle.kts, kwa hiyo hakuna lugha mpya ya kujifunza. Wengi hujikwaa sehemu moja: ndani ya faili hiyo huruhusiwi kuandika namba ya toleo kwenye sehemu ya plugins. Plagini ya Android, kwa mfano, unaitaja kama kitegemezi cha hazina hii mpya, na toleo lake linatoka huko. Ukitaka kuona kazi ya watu waliopitia njia inayokaribiana na hii, fungua msimbo wa Now in Android, programu ya mfano ya Google. Saraka yake ya build-logic ni somo zuri kuliko maelezo yangu.

Tengenezeni plagini tatu ndogo: moja ya msingi kwa kila mradi wa Kotlin, moja ya programu za simu, moja ya huduma za seva. Msitengeneze plagini moja kubwa yenye vitufe vya kuwasha na kuzima. Najua kishawishi kitakuja, maana mradi wa tano utaomba upekee wake, na kuongeza "kama ni mradi huu basi" huonekana ni dakika mbili. Baada ya mwaka hakuna atakayethubutu kuigusa faili hiyo. Mradi wenye upekee uandike upekee wake kwenye faili yake wenyewe, chini ya plagini. Ikitokea miradi mitatu inaomba upekee uleule, hapo kata plagini mpya.

Namba za matoleo ya maktaba mnazotumia pamoja ziwekeni kwenye katalogi ya matoleo, ile faili ya libs.versions.toml. Nayo inaweza kutolewa kwa namba kama plagini. Tukio la aina ya Log4j likirudi, mnahariri mstari mmoja mahali pamoja na kutoa toleo.

Kutoa toleo, tumieni plagini ya maven-publish, mkipeleka kwenye hazina ya Maven mliyo nayo. GitHub na GitLab zote zinatoa nafasi hiyo, na mkiwa na seva yenu ofisini mnaweza kuweka Nexus hapo hapo, jambo ambalo kwa hali ya mtandao wetu ningelipendelea.

Kuhusu namba zenyewe, nakuomba uwe mkali. Kwa maktaba ya kawaida tumezoea kwamba namba ya kwanza hupanda pale tu kitu cha zamani kinapoondolewa. Kwa plagini ya kuunda hilo halitoshi. Kupandisha Java ni badiliko kubwa. Kugeuza onyo kuwa kosa ni badiliko kubwa pia, hata kama hamkuondoa chochote, maana mradi uliokuwa ukiundika sasa utakataa. Naam, nashuku mstari wa Ijumaa ulikuwa wa aina hiyo. Kupandisha API inayolengwa hubadilisha tabia ya programu mikononi mwa mtumiaji, kwa hiyo nako kuhesabiwe kubwa. Namba ya kwanza ikipanda, mwenye mradi ajue ana kazi ya kufanya na apange siku yake.

Uhuru huo wa kila mradi kupanda kwa wakati wake kaka yenu ataupenda, na ana haki. Fikiria plagini ya Android toleo 8.0, iliyotoka Aprili 2023: ilidai Gradle 8.0 na JDK 17. Faili inayoamua Gradle ipi itumike inakaa ndani ya kila mradi, na JDK inakaa kwenye mashine. Huwezi kuivuta miradi saba kwa usiku mmoja, ila unaweza kutoa toleo 2.0.0 la plagini yenu na kuacha kila mradi uvuke ukiwa tayari, huku 1.x ikiendelea kupata marekebisho ya usalama kwa muda mtakaoutangaza. Utangazeni muda huo kweli. Bila tarehe ya mwisho mtajikuta mnatunza matoleo manne na mmerudi kulekule kwenye nakala.

Ili miradi isilale, wekeni roboti ya Renovate au Dependabot. Ikiona toleo jipya, hufungua ombi la badiliko kwenye kila mradi, majaribio yanaendeshwa, na mwenye mradi anakubali au anakataa. Kijana wenu anapata alichokitaka, yaani kurekebisha mara moja na kuwafikia wote, isipokuwa sasa kuna mlango na kuna mtu mlangoni.

Plagini yenyewe nayo ijaribiwe kabla haijatoka. Ndani ya hazina yake wekeni mradi mdogo wa mfano unaoundwa kila badiliko linapoingia. Na mtu akitaka kujaribu badiliko lake dhidi ya mradi halisi, aendeshe Gradle kwa --include-build akielekeza kwenye saraka ya plagini iliyo kwenye kompyuta yake. Ataona matokeo bila kutoa toleo wala kumsumbua mwenzake.

Yako mambo mawili hukuyauliza, lakini yatakuja. La kwanza ni makabidhiano. Mkataba ukiisha na mteja akachukua msimbo wake, hataweza kuunda programu ikiwa plagini iko kwenye seva yenu ambayo yeye hana ruhusa nayo. Siku hiyo nakili chanzo cha plagini, lile toleo mradi unalotumia, ukiweke ndani ya mradi kama saraka ya build-logic na kuiunganisha kwa includeBuild. Vitambulisho vinabaki vilevile, faili za mradi hazibadiliki isipokuwa kuondoa namba ya toleo, na mteja anaondoka na kitu kamili. Liandikeni hili kwenye mikataba yenu.

La pili ni skripti za seva ya kuundia. Kama mnatumia GitHub Actions mnaweza kuzishirikisha kwa njia ileile, ila msitaje kazi (action) ya mtu wa nje kwa lebo, maana lebo huhamishika. Machi 2025 wadukuzi walizihamisha lebo za tj-actions/changed-files, kazi iliyokuwa ikitumiwa na hazina zaidi ya 23,000, zikaelekea kwenye msimbo wa kuiba siri. Tajeni alama kamili ya badiliko, ile ndefu ya herufi na tarakimu arobaini.

Huenda mtu akapendekeza mwunganishe miradi yote saba kwenye hazina moja kubwa. Ingekuwa miradi yenu ni ya bidhaa moja, ningesema ndiyo bila kusita, na saraka ya buildSrc ingewatosha. Kwa wateja tofauti wenye mikataba tofauti, hapana.

Turudi kwa watu, maana hapo ndipo uliponiuliza hasa. Hazina hii lazima iwe na mwenyewe mmoja, mwenye jina. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na skripti inayohudumia miradi saba ndicho chombo ambacho kila mtu atataka kuushika usukani wake akiwa na haraka. Mpe kijana. Ndiye mwenye ari, na kumnyima baada ya Jumamosi ile kungemfundisha asijaribu tena. Lakini kila badiliko lipitiwe na mtu wa pili kabla ya kuingia, na matoleo yasitoke Ijumaa.

Kaka yenu mwombe akae nawe wakati wa kupitia zile tofauti za faili saba. Usiende kumfundisha, nenda kumuuliza, kwa sababu sababu nyingi ambazo hazikuandikwa ziko kichwani mwake. Atakapoona kwamba mradi wake wa kwanza umebaki na toleo lake na haukuguswa, nadhani hutahitaji kumshawishi zaidi.

Mradi wa kwanza kuhamia uwe hai lakini usiwe na mteja anayesubiri wiki hiyo. Wa pili uwe ule mgumu kuliko yote, wenye mistari mingi ya ajabu, kwa sababu huo ndio utakaowaonyesha plagini yenu inaishia wapi. Ikishindwa hapo, mtakuwa mmegundua mapema na miradi mitano bado iko salama. Baadaye inayobaki itakwenda haraka.

Andika uamuzi huu kwenye README ya hazina mpya, pamoja na jina la mtunzaji, jina la mkaguzi, na tarehe ambayo kila mradi utahama. Hakikisha programu zote nne za simu zimeshahamia kabla ya Agosti.